Bati la geji 30 kwa stoo ya nyumbani: linatosha ukutani, si paani

Kwa anayejijengea stoo ndogo ya mita 2 kwa 3 nyuma ya nyumba, bati la geji 30 (geji ni kipimo cha unene wa bati) linatosha kwa kuta, kwa kuwa ni jepesi, hukatwa kwa mkasi wa bati, na mtu mmoja huweza kulipigilia bila msaidizi. Paani, hata hivyo, ningelipia geji 28, ambayo, ingawa namba yake ni ndogo, ndiyo nene zaidi na haibonyei kirahisi inapokanyagwa kati ya papi, yaani mbao zinazoshikilia bati. Dosari kubwa ya bati lolote ni kutu: karibu na bahari, chumvi huanza kulila kwenye kingo zilizokatwa, hivyo zipakwe rangi mapema, na bati lisiguse udongo. Mchana ndani ya stoo hiyo ni tanuri, hivyo mbegu zihifadhiwe kwingine.