Boksi la silva la kupakia jeli, nimelitumia na haya ndo niliyoyaona

Wenzangu mnaosafisha kingamwili mkaridhika na rangi ya buluu, nisikilizeni kidogo mana na mie nlikuwa hivo hivo. Kingamwili zetu za sungura tulizipitisha kwenye Protini A (protini inayonasa kingamwili) hapa Chake, tukapiga jeli inayozitenga protini kwa ukubwa, tukapaka Coomassie, ndo hiyo rangi ya buluu, tukaona mistari miwili tu ya kingamwili yenyewe, mnyororo mzito kwenye kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa protini) na mwepesi kwenye 25, kila mtu akafurahi. Nkasema ngoja nijaribu hili boksi la silva, yani dawa za kupaka jeli kwa fedha ili protini zionekane, lililokuja na meli kutoka Unguja. Sampuli ile ile, kipimo kile kile, wallahi pakatoka mstari mwembamba wa hudhurungi kwenye 66, pale pale pa albumini, protini ya damu! Coomassie ya kawaida inataka nanogramu 50 hivi za protini ndo uone kitu, silva hata nanogramu 1 inaonesha, kwa hiyo uchafu ulikuwepo siku zote, sie tu hatuuoni.

Lakini msikimbilie kusema albumini, keratini ya ngozi zetu nayo inakaa hapo hapo kati ya 50 na 70. Njia moja ya jeli nliitilia bafa tupu bila protini, haikutoa kitu, ndo nkaamini. Vaeni glavu hata mnapoosha trei.

Sasa maji jamani. Mara ya kwanza nlisuuzia maji ya bomba, kumimina silva tu trei ikawa nyeupe kama tui, kloridi ishaikamata fedha yote, jeli ikenda na maji. Tumieni maji yaliyotolewa chumvi toka mwanzo mpaka mwisho. Na ukishatia dawa ya kuoneshea usiondoke hata kuitikia simu, mistari inakuja ndani ya dakika chache na usipoisimamisha kwa asidi mapema jeli nzima inapiga kahawia huoni tena kitu.

Weusi wa mstari usiuchukulie kuwa ndo kiasi cha uchafu, kila protini inashika fedha kivyake, ukitaka kiasi nenda kwenye elaiza (ELISA, kipimo kinachopima kiasi cha protini kwa kutumia kingamwili).

Malalamiko yangu kwa boksi ni moja, dawa ya kuoneshea imeisha na silva yenyewe bado ipo nusu chupa, jeli tatu za mwisho ikanibidi nichanganye mwenyewe sodiamu kaboneti na formalini. Zilitoka vizuri. Boksi jengine nshaagiza.