Masomo ya Kilatini ya Jumamosi: mwalimu anafaa, kijitabu hakifai

Kwa Jumamosi nne nilisafiri kwa matatu kutoka Rongai hadi katikati ya Nairobi kusoma Kilatini, kwa kuwa ninauza miche na nilikuwa nimechoka kukariri majina ya mimea bila kuyaelewa. Nitaeleza zaidi kipindi cha tatu, kilichohusu vivumishi ambatani, yaani vilivyoundwa kwa kuunganisha maneno mawili, kwani ndicho kilichonifanya nisijutie ada ya shilingi 4,000.

Mwalimu alianza kwa kanuni kwamba sehemu ya mwisho ya kivumishi ndiyo inayobeba viishio. Magnus (kuu) na animus (moyo) huungana kuwa magnanimus, yaani mwenye moyo mkuu, nacho hupatana na nomino kwa -us (ya kiume), -a (ya kike) au -um (isiyo ya kike wala ya kiume), jambo lisilomshangaza mtu aliyezoea kusema mti wenye maua na kichaka chenye maua. Ndiyo maana tunasema Magnolia grandiflora, kwa sababu Magnolia ni nomino ya jinsia ya kike. Kisha akatuuliza kwa nini mtama huitwa Sorghum bicolor wala si bicolorum, ilhali Sorghum si ya kike wala ya kiume. Darasa lilinyamaza. Alieleza kwamba bicolor, ambayo mwisho wake ni nomino color, huingia katika kundi la tatu la viishio vya Kilatini, ambamo umbo hilo moja la kiima (neno linapokuwa mtenda wa sentensi) hutumika kwa jinsia zote, na katika umilikaji (umbo la "-a" ya kumiliki) huwa bicoloris. Bicornis, tunayoiona katika jina la kifaru mweusi, Diceros bicornis, ni ya kundi hilohilo, ila kwa jinsia isiyo ya kike wala ya kiume hugeuka kuwa bicorne.

Utamu zaidi ulikuwa katika irabu zinazodhoofika ndani ya neno: annus (mwaka) hutoa biennis (wa miaka miwili), barba (ndevu) hutoa imberbis (asiye na ndevu), na caput (kichwa) hujificha ndani ya anceps (mwenye vichwa viwili), kisha hujitokeza kidogo katika umbo lake la umilikaji, ancipitis.

Kijitabu cha mazoezi, kinachouzwa kando kwa shilingi 300, kinaandika lucifra kana kwamba lucifer (mleta nuru) hufuata pulcher (zuri), ambayo kwa jinsia ya kike hudondosha e na kuwa pulchra. Vivumishi vinavyotokana na vitenzi fero na gero (kubeba) havidondoshi e hiyo. Umbo sahihi ni lucifera. Mwalimu alilisahihisha ubaoni, lakini nakala zenye kosa hilo ziliendelea kuuzwa mlangoni hadi Jumamosi ya mwisho. Nimejiandikisha kwa awamu inayofuata, na safari hii nitabeba daftari langu tu.