Oga ya Edelman kwa udongo wa mbuga: tathmini kwa wakulima wa Lindi na Mtwara

Mashamba mengi ya bondeni hununuliwa kiangazi. Mwezi wa Septemba mbuga, yaani bonde la mfinyanzi mweusi, imekauka, nyufa zimefunguka kiasi cha kupitisha mkono, udongo ni mweusi tii na muuzaji anaapa kwamba hapa mbolea haihitajiki. Mvua zikikolea Januari, shamba lile lile linatuamisha maji wiki baada ya wiki, mahindi yanageuka manjano na miche ya mikorosho inakufa ikiwa imesimama. Dalili zilikuwepo tangu kiangazi, ila zilikuwa sentimita 40 chini ya nyayo za mnunuzi. Kifaa rahisi cha kuzifikia ni oga ya mkono ya Edelman, yaani kekee ya kuchimbia udongo. Hapa tunaipima kwa kazi hiyo moja tu: kutambua kama udongo wa mfinyanzi unapitisha maji au unayafunga.

Kifaa chenyewe hakina makeke. Ni fimbo ya chuma yenye mpini wa kukingama juu, na chini ina mabapa mawili yaliyopinda yakakutana kwenye ncha. Kinachouzwa zaidi kwa kazi ya udongo kina kipenyo cha sentimita 7, nacho huchimba hadi sentimita 120 au zaidi kidogo. Anayetaka kwenda chini zaidi huunga kipande cha fimbo.

Wengi hukosea kwenye kichwa. Kichwa cha mfinyanzi kina mabapa membamba yenye uwazi mkubwa kati yake, kwa sababu mfinyanzi hushikamana wenyewe na hauhitaji kukumbatiwa. Kichwa cha mchanga kina mabapa mapana yanayokaribia kufungana. Ukitumia cha mchanga kwenye mbuga mbichi, udongo unaganda pande zote na ukifika sentimita 60 hata watu wawili watahangaika kuing'oa. Ukipeleka cha mfinyanzi kwenye mchanga mwekundu wa Newala au Tandahimba, inatoka tupu. Kipo pia kichwa cha mchanganyiko, na wauzaji hukisifu kuwa kinafaa kote. Kwa mabonde ya Lukuledi, Mbwemkuru na Ruvuma tunashauri cha mfinyanzi bila kusita. Mwenye korosho juu na mpunga bondeni anunue fimbo moja na vichwa viwili.

Kabla ya kuanza, pima fimbo kutoka kwenye ncha na uweke alama ya rangi kila sentimita 10. Zungusha kwa mwendo wa saa huku ukiegemea mpini kidogo tu. Kichwa kikijaa, yaani baada ya kushuka kama sentimita 10, acha kuzungusha na vuta juu huku ukiendelea kupinda taratibu. Kujaza kupita kiasi ndiko kunakosababisha kukwama, na kukwama ndiko kunakopinda fimbo. Kila bonge livue kwa kidole gumba, ondoa sentimita 2 au 3 za juu kwa sababu hizo ni vumbi lililoporomoka kutoka mdomoni mwa shimo, kisha lipange juu ya gunia kwa mfuatano wake. Ukimaliza unakuwa na udongo wa mita moja na ushee umelala mbele yako, kutoka juu hadi chini. Shimo moja halitoshi. Chimba matatu kwa mstari mmoja: kwenye mwinuko wa shamba, katikati, na pale chini kabisa maji yanapoishia.

Kiangazi mbuga huwa ngumu kama tofali, na hapo oga hugoma. Usiipige kwa nyundo. Mwaga lita 5 za maji mahali utakapochimba, funika kwa majani, rudi kesho yake. Wakati mzuri kuliko wote ni mwishoni mwa masika, Aprili hadi Mei: udongo ni laini, na shimo ukiliacha wazi kwa saa 24 litakuonyesha maji yamesimama kina gani. Kipimo hicho kinashinda rangi zote nitakazoeleza.

Sasa rangi. Vunja bonge kwa mikono, usilikate kwa kisu, lilowanishe kidogo na uangalie ndani. Udongo unaopitisha hewa huwa mwekundu, wa kahawia au wa njano, kwa sababu chuma kilichomo kimeungana na oksijeni. Maji yakikaa muda mrefu, vijidudu humaliza oksijeni na kuanza kutumia chuma. Chuma hicho huyeyuka na kuhama na maji, na udongo unabaki wa kijivu, wakati mwingine wenye ukijani au ubluu. Pale maji yanapopanda na kushuka kwa msimu utaona vyote viwili: mwili wa kijivu wenye mabaka ya kutu, hasa pembeni mwa vijia vya mizizi, mahali hewa ilipopenya. Ukikuta pia vipunje vyeusi vya chuma na manganizi vinavyosagika kwa kucha, hiyo ni dalili kwamba maji huja na kuondoka kwa msimu. Kijivu kikianza ndani ya sentimita 50 za juu, sahau mkorosho na mbaazi hapo. Kikianza chini ya mita moja, mazao mengi ya msimu yatapona.

Kwa wenye kitabu cha rangi za udongo cha Munsell, kinachotafutwa ni kroma, yaani ukolezi wa rangi, ya 2 au pungufu pamoja na mabaka. Kitabu hicho ni ghali na mkulima anaweza kufanya bila hicho.

Mtego wa kwanza kwetu ni weusi wa mbuga. Mfinyanzi mweusi unaopasuka hauonyeshi rangi nyingine kwa asili, maana mabaki ya mimea yameshikana na mfinyanzi hadi mabaka ya kutu hayaonekani. Huwezi kusema unatuamisha maji kwa sababu ni mweusi, wala kusema uko salama kwa sababu huoni kutu. Hapo tegemea maji ndani ya shimo. Mtego wa pili uko karibu na pwani ya Lindi na Kilwa, ambako udongo hutokana na miamba ya mfinyanzi iliyolala chini ya bahari zamani. Miamba hiyo yenyewe ni ya kijivu chenye ukijani, kwa hiyo kijivu chake ni cha kuzaliwa. Jaribio moja husaidia kutofautisha: vunja bonge bichi, liache hewani kivulini kwa dakika 30. Kikianza kugeuka kahawia, ni kijivu cha maji: chuma kilichobaki kimepata oksijeni. Kikibaki kama kilivyo, huenda ni cha kuzaliwa, au ni cha maji ila chuma kimeshahama.

Hii inatufikisha kwenye lawama yetu kubwa, nayo si kwa oga yenyewe bali kwa majedwali ya madaraja ya upitishaji maji ambayo watu hupakua na kutembea nayo pamoja na oga. Mengi yametungwa kwa nchi ambazo zamani zilifunikwa na barafu. Chukua udongo wa Hoytville wa kaskazini magharibi mwa Ohio, Marekani, eneo lililokuwa kinamasi kikubwa cheusi kabla ya kukaushwa karne ya 19. Ulitokana na mchanganyiko ulioachwa na mito ya barafu: mfinyanzi, mchanga na kokoto bila kuchambuliwa, ukashindiliwa na uzito wa barafu yenyewe. Maji ya mvua na theluji hushuka, hukuta tabaka lile lililoshindiliwa, na kuning'inia juu yake. Ardhi ni tambarare, hayana pa kwenda. Mabaka ya kijivu na kutu ni yale yale tunayoyaona Lukuledi, lakini wakulima wa kule walilitibu tatizo kwa kufukia mabomba ya vigae kwenye mitaro, na hadi leo mabomba ya plastiki yenye matundu hufanya kazi hiyo.

Barafu haikufika kwenye mabonde yetu. Tanzania, alama zake za karibuni ziko kwenye milima mirefu kama Kilimanjaro. Mfinyanzi wa mbuga zetu uliletwa na mafuriko ya mito au ulizaliwa papo hapo, hauna kokoto za barafu, nao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mvua ya kwanza huzama kwa kasi kupitia nyufa, kisha nyufa hujifunga na maji yanayofuata hukaa juu. Bomba la kufukia kwenye udongo unaocheza hivyo husukumwa likapinda, na maji hayalifikii kwa wakati. Dawa hapa ni mifereji ya wazi na matuta mapana, au kuliachia bonde kazi linayoiweza, yaani mpunga, kama wanavyofanya Kitere, Mtwara. Jedwali la Ohio litakuambia kwa usahihi kwamba udongo ni mbichi, kisha litakupotosha kuhusu la kufanya.

Vipande vyeupe vigumu utakavyovuta na oga bondeni mara nyingi si mawe bali chokaa. Vidondoshee maji ya limau. Vikitoa povu, ni chokaa. Lakini kwenye ardhi yenye mawe ya kweli, kama miguuni mwa vilima vya Masasi, mabapa ya Edelman hupinda. Kuna kichwa cha udongo wa mawe na ndicho kitumike.

Udhaifu mwingine wa oga ni kwamba inakanda udongo. Huwezi kuona nyufa, wala zile nyuso zinazong'aa ambazo mabonge ya mbuga hutengeneza yakisuguana. Kabla ya kulipia ekari nyingi, chimba angalau shimo moja la kuingia mtu. Vilevile mabapa huupaka mfinyanzi kwenye kuta za shimo ukawa kama plasta. Ukitaka kupima kasi ya maji, kwangua kuta kwa ubao uliopigiliwa misumari, jaza maji, uache usiku kucha, kesho ujaze tena na upime kushuka kwa saa moja. Kushuka chini ya nusu sentimita kwa saa kunamaanisha udongo hupitisha maji polepole.

Oga za kigeni zina chuma kizuri na bei kubwa. Fundi wa kuchomea anaweza kutengeneza inayofaa kwa bomba la inchi robo tatu na mabapa ya springi ya lori, ukimsimamia mambo mawili. Mdomo wa chini uwe mpana kuliko sehemu ya juu ya kichwa kwa milimita chache. Vikilingana, kichwa kinabanwa na udongo. La pili ni shingo, pale mabapa yanapoungana na bomba: achomee pande zote na kuongeza vipande vya kuimarisha, maana hapo ndipo oga nyingi za kienyeji hukatika. Asikipoze kichwa ghafla kwenye maji akiisha kukipasha moto, springi huvunjika kama kioo.

Kwa mkulima mmoja mwenye ekari mbili, kununua ya kigeni si lazima. AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) au kikundi cha umwagiliaji kikinunua moja na kuizungusha kwa wanachama itadumu miaka mingi, mradi ioshwe kila siku, ikaushwe na kupakwa oili chafu kwenye mabapa na kwenye maungio ya fimbo. Hewa ya chumvi ya Mtwara mjini hula nyuzi za maungio mapema kuliko mabapa, na fimbo iliyoganda kwa kutu haifunguki tena bila kuharibiwa.