Nikon D750 kwenye kupamba: RAW kadi moja, JPEG kadi ya pili

Napiga picha upande wa wanawake: hina, kupamba, shughuli ambazo mwanamume haingii. D750 niliinunua mtumba, na kazi zangu nyingi hapa Mombasa nafanya nayo. Ni kamera ya 2014, megapikseli 24.3. Ila ina nafasi mbili za kadi za SD, na hapo ndipo ilipononga: RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaipika, naitia kadi ya kwanza; JPEG, picha iliyokwisha kupikwa na kamera, ya pili.

JPEG ni ya usiku uleule. Bibi harusi hajavua mapambo, shangazi zake washaulizia picha. Natuma kwa Wi-Fi ya kamera hadi simu ya mwenye shughuli, wala haziendi kwengine. Hata mchana, pale bustani ya Mama Ngina chini ya mibuyu, JPEG yanitosha. Anayesema kila picha lazima ihaririwe anakunyima usingizi bure.

Ukumbini ni habari nyingine. Taa za zambarau na waridi, maua meupe jukwaani, bibi harusi kajaa dhahabu. JPEG imeshaamua rangi, nyingine imezitupa, imebakiwa na ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384. Utazame mkono wa bibi harusi: kwenye JPEG hina na piko zimegandana doa moja, michoro haisomeki. Naifungua RAW ya picha ileile kwa darktable, programu ya bure, narekebisha rangi ya mwanga, nainua kiza taratibu. Majani yanajitokeza moja moja, wekundu wa hina waachana na weusi wa piko, hadi kwenye ncha za vidole. Mchoraji hina ameinamia mkono ule kwa muda mrefu. Ni haki yake kazi ionekane.

Lakini taa ikiwa zambarau tupu, rangi ya ngozi haikuingia kamerani, na RAW haiwezi kuizua. Bangili iliyozidiwa na mwanga ikaungua nyeupe kabisa nayo hairudi. Ndiyo maana napiga kwa kiza kidogo kisha nainua, na kwa ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ya chini, sensa hii, yaani kihisi mwanga cha kamera, yastahimili ajabu. ISO ikipanda, chenga huonekana vivulini.

RAW hula nafasi, kwa hivyo weka bajeti ya diski. Na kama huna kompyuta karibu, menyu ya kamera yenyewe inaweza kuigeuza RAW kuwa JPEG, ukabadilisha mwanga na rangi papo hapo. Wengi wanayo na hawajaigusa.

Ukinunua mtumba, jaribu kadi zote mbili. Kisha tazama namba ya kamera: kuanzia 2015 Nikon walitangaza kwamba shata (pazia linalofungua na kufunga mwanga) za baadhi ya D750 zina hitilafu inayotia kivuli sehemu ya picha.