Kaduka ka kuprinti travayi njia ya Kasapa: muende bila woga

Batu ya L'shi (Lubumbashi), mwenye iko na travayi (kazi ya masomo) yenye matablo mingi, aende ku kale kaduka ka kuandika na fotokopi mu njia ya Kasapa, ile kontena ya buluu.

Yangu ilikuwa juu ya uchaguzi wa 1908 mu ufalme wa Kroatia na Slavonia, wakati ule iko chini ya taji ya Hungaria. Bunge lao pa Zagreb, Sabor, lilikuwa na viti 88. Muungano wa Wakroati na Waserbia ulikamata 57, chama ya mwanasiasa Josip Frank 24, bengine bakagawana 7, na chama ya ban Pavao Rauch, gavana mwenye serikali ya Budapest ilimuweka, ikapata 0. Ile sifuri njo travayi yote! Wapiga kura hawakufika hata asilimia 2 ya raia, kila mutu alitaja jina kwa sauti mbele ya wakubwa, karani wa serikali anaangaliwa machoni kabisa, na bado Rauch hakupata hata kiti kimoja, juu batu walikuwa na hasira ya ile sheria ya 1907 ya kulazimisha Kihungaria mu reli (shiye batoto ya cheminote tunaelewa hiyo mbiyombiyo). Mwezi wa tatu bunge likavunjwa mbele lianze kazi.

Sasa, fasi ya kwanza nilipeleka, walifuta mstari wa Rauch, ati ni tupu, na 57 ikakuwa 75. Nilikuwa karibu kulia.

Pa kontena nilimupa kijana ile kopi pamoja na yenye niliandika na mukono. Akajumlisha mwenyewe, hakuna mutu alimuomba, akaniita: "Yaya, bunge iko na viti 88, mbona hapa inafika 106?" Kisha akauliza huyu Rauch ni nani, nikamuelezea, akarudisha mstari wake na ile 0 katikati ya kikasha chake. Hata zile alama za juu ya herufi mu jina ya Tomašić, ban mwenye alimufuata Rauch 1910, alizitafuta mpaka akazipata!

Bei ni ya kawaida, kufunga na spirali kunalipwa mbali. Karatasi ni nyepesi kidogo, na jumamosi foleni ni mingi, kiti hakuna. Muende asubuhi mbele umeme haiyakatika, na majina ya kigeni muyaandike kwa herufi kubwa.