Kamera ya kuwasha taa na king'ora: ipi ununue ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mtu akiruka ukuta saa nane usiku, taa za nje ziwake, king'ora kilie na picha ifike kwenye simu. Vifaa vya kazi hiyo vinapatikana Mwanjelwa, Iringa mjini na hata Makambako. Lakini kamera iliyosifiwa Dar es Salaam inaweza kupiga king'ora usiku kucha ikifungwa Mafinga au Tukuyu, na uani hakuna mtu. Kinachoikoroga ni ukungu.

Kamera ya bei ya chini haimjui mtu. Inalinganisha picha moja na inayofuata, na sehemu ya kutosha ikibadilika, inahesabu kuwa kuna mwendo. Usiku inawasha taa zake za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na matone ya ukungu yanaurudisha mwanga huo moja kwa moja kwenye lenzi. Picha inageuka nyeupe na kuchezacheza kila upepo unapovuma. Mvua hufanya hivyohivyo. Kumbikumbi wa mvua za kwanza ni wabaya zaidi, maana wanafuata taa za nje zinazoonekana kwa macho, na buibui huwafuata na kutandaza utando mbele ya lenzi. Ongeza migomba ya Rungwe inayopunga majani, na kengele haitulii.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, uliza mambo mawili: ni nini kinachoiamsha, na je, amri ya kuwasha taa inalazimika kupitia intaneti? Orodha hii imepangwa kwa majibu ya maswali hayo.

1. DVR au NVR inayotambua binadamu, yenye tundu za kengele

Kwa nyumba nyingi za mikoa hii, hili ndilo chaguo letu la kwanza. DVR na NVR ni vifaa vinavyorekodi picha za kamera zote za nyumba. Cha aina hii kinachambua umbo la mtu na gari, na kupuuza majani na matone. Kwenye boksi la Hikvision tafuta neno AcuSense, kwenye la Dahua tafuta WizSense. Kisha geuza kifaa uangalie mgongo wake: unataka vituo vya skrubu vya kengele, vya kuingiza na vya kutoa. DVR ndogo za kamera nne mara nyingi hazina vituo hivyo, na mafundi wengi hawaangalii kwa sababu wateja hawaulizi. Uliza pia ni chaneli ngapi zinazochambua binadamu, kwa kuwa DVR za bei ya chini huchambua chache kuliko zilizopo.

Kituo cha kutoa ni swichi ndogo tu ndani ya kifaa. Usiunganishe taa ya volti 230 hapo. Kituo hicho kiwashe rilei ya volti 12, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, rilei iwashe kontakta, ambayo ni swichi kubwa ya aina hiyohiyo, na kontakta ibebe taa zote za nje. Upande wa volti 230 mwachie fundi umeme. Mpangilio huu hauhitaji bando. Intaneti ikikatika, unakosa ujumbe wa simu tu, taa na king'ora vinaendelea.

Vituo vya kuingiza ndivyo vinavyoipa nafasi ya kwanza. Funga sensa ya joto la mwili, ile inayoitwa PIR, na uiunganishe hapo. Sensa hii haitoi mwanga wowote, inapokea joto tu, kwa hiyo ukungu hauiamshi, ingawa ukungu mzito hupunguza umbali inaoona. Usiku wa baridi wa Njombe au Makete unaisaidia, kwani uso na mikono ya mtu inatofautiana sana na hewa. Aliyejifunika koti zito na kofia huonekana kwa shida zaidi, basi usiitegemee peke yake. Iache ipige king'ora pale tu kamera nayo imeona mtu, kama DVR yako inaruhusu masharti mawili. Kama hairuhusu, PIR iwashe taa na kamera ipige king'ora. Ifunge mita 2.2 hadi 2.5 kutoka chini, mahali ambapo mtu atakatiza mbele yake. Anayeijia uso kwa uso huchelewa kuonekana.

2. Kamera ya Wi-Fi yenye taa nyeupe na king'ora ndani yake

Hii ni ya mpangaji, au mwenye geti moja na duka dogo. Kila kitu kipo kwenye kamera, na uamuzi hufanyika humohumo, mradi boksi liseme wazi kuwa inatambua binadamu, si mwendo tu. Ubaya wake ni kwamba taa iko kando ya lenzi, na kwenye ukungu inajimulika yenyewe. Ukiweza, zima taa zake za infraredi na ufunge taa nyingine mita mbili au tatu pembeni, ikimulika uwanja bila kuelekea kamera. Mabadiliko hayo peke yake huondoa kengele nyingi za uongo.

Nyingi hushika Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee. Ruta ikiwa imeunganisha 2.4 na 5 kwa jina moja na kamera ikagoma kuingia, zitenganishe.

3. Kamera ya Wi-Fi na plagi janja ya kampuni ileile

Rahisi kuliko zote: kamera na plagi kwenye programu moja ya simu, unaandika sharti, basi. Chagua plagi ya pini tatu za mstatili, inayoingia kwenye soketi zetu bila adapta. Tunaiweka ya tatu kwa sababu mara nyingi amri hupanda hadi seva ya mbali ndipo irudi kwenye plagi iliyo mita tano kutoka kamera. Bando likiisha, taa haiwaki. Intaneti ikiwa nzito, inawaka mgeni ameshaondoka. Inatosha kwa taa ya kibarazani, si kwa ulinzi wa ghala la mahindi.

4. Kompyuta ndogo yenye Home Assistant na Frigate

Home Assistant ni programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, na Frigate ni ya kutambua watu kwenye picha za kamera. Kwa uwezo, hakuna inayoifikia njia hii. Unaamua kwamba mtu akiwa eneo la geti kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, taa tatu ziwake, na redio ya ndani ianze kusikika. Kila kitu hubaki nyumbani. Nunua kamera zinazotoa RTSP, yaani njia ya kutuma picha moja kwa moja kwenye kompyuta yako. Za Tapo zinazotumia umeme hutoa kupitia mlango wa mtandao (port) namba 554 ukishafungua akaunti ya kamera ndani ya programu, lakini zile za betri kwa kawaida hazitoi. Kwa taa, rilei za Shelly au Sonoff zinatosha. Imeshuka hadi nafasi ya nne kwa sababu inahitaji mtu wa kuitunza. Kama hakuna nyumbani anayeweza kuihudumia wewe ukiwa safarini, iache.

Mambo yanayoharibu hata chaguo zuri

Mzunguko wa taa ndio unaowachanganya wengi. Taa inawaka, picha inabadilika ghafla, kamera inahesabu mwendo, taa inaongezewa muda, na haizimi hadi asubuhi. Weka taa iwake dakika tatu, na sharti lisiangalie mwendo kwa sekunde 15 baada ya taa kuwaka au kuzima.

Chora eneo la kuangaliwa ndani ya ukuta wako, ukiacha nje miti na barabara. Lakini eneo hilo haliizuii kamera kurekodi kilicho nje yake, kwa hiyo kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: geuza kamera au zibe sehemu hiyo ya picha, kwani uwanja wa jirani si wako kurekodi.

Umeme ukikatika, DVR, kamera nne na ruta hutumia kama wati 40. Betri ya volti 12, Ah 100, ikitumika nusu tu ili isife mapema, inavibeba saa 12 hadi 15, kutegemea umeme unaopotea njiani. Kontakta na taa za volti 230 zihesabu kando, au weka taa moja ya volti 12 kwenye betri hiyohiyo.

Radi za Novemba hadi Aprili huua DVR kupitia waya wa kamera iliyo mbali, hata kama soketi ina kinga. Weka kinga kwenye waya wa kamera pia, na waya wa ethi uende kwenye nondo iliyochimbiwa kweli. Waya wa mtandao uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba hupoteza umeme njiani, na kamera ya mbali hujizima usiku infraredi inapowaka. Mwambie muuzaji akwangue ncha ya waya mbele yako: ukiona weupe ndani, rudisha.