Boksi la LEGO Classic kwa darasa lenye mtoto wa usonji, maoni ya mwalimu

Mi nafundisha darasa la tatu shule ya kawaida hapa Dar, na darasani kwangu kuna mtoto mwenye usonji. Hesabu anawazidi wenzake wengi tu, shida inakuja kengele ya mapumziko ikilia, wenzake wanakimbilia mpira yeye anabaki anazunguka mti, na akimsogelea mtu ujue anaenda kumpokonya kitu. Nilivyosoma habari za tiba ya LEGO, yaani watoto kujifunza kuongea na kushirikiana kwa kujenga pamoja, nikamwagiza ndugu yangu aliyekuwa anatoka Dubai, akaniletea lile boksi kubwa la LEGO Classic namba 10698, lina vipande 790 vya plastiki vya kuunganisha na kujengea.

Ubora wake sina neno. Vinashikana vizuri na vinaachia bila mtoto kutumia meno. Kabla ya hapo nilijaribu vya bei chee visivyo na jina, vingine havishiki kabisa, jengo likifika nusu linamwagika, na kwa mtoto ambaye kitu kikiharibika ghafla siku nzima imevurugika hilo sio jambo dogo hata kidogo.

Ila wazazi na walimu wenzangu naomba mnielewe hapa, ukimpa boksi peke yake atajenga peke yake na ndo basi. Kinachosaidia ni utaratibu wa mwanasaikolojia Daniel LeGoff, alitoa utafiti wake 2004 baada ya kuona watoto wawili waliokutana chumba cha kusubiria wakiwa na LEGO zao wakaanza kuongea wenyewe. Unaweka watoto watatu. Injinia anashika picha ya jengo na haruhusiwi kugusa kipande, anaeleza tu. Wa stoo anatafuta kipande, fundi anajenga, alafu baada ya muda wanabadilishana. Na kuna sheria, ukivunja unatengeneza, ukishindwa unaomba msaada, kitu kikiwa mkononi kwa mwenzio unaomba kwanza.

Mwanzoni huyu mtoto wangu akiwa injinia alikuwa anasema "hicho! hicho!" huku ananyoosha kidole na wa stoo analeta kila kitu isipokuwa hicho. Sikuingilia. Mpaka siku moja akasema "chekundu, vinundu nane", mwenzake akatoa cha vinundu sita, injinia akanyamaza kidogo, alafu akamwambia "sio hicho, ongeza viwili". Hakupiga kelele wala hakupokonya. Nikajifanya nasahihisha madaftari lakini machozi yalikuwa yananilenga.

Na wale wenzake wawili nao wamebadilika, siku hizi wanamwita jina kwanza ndo waongee, wanamsubiri ajibu. Hilo nalipenda kuliko yote maana mara nyingi mzigo wa kujifunza tunamtwisha yeye tu. Simlazimishi anitazame machoni pia, wengi wenye usonji wanasema inawachosha, na huyu anasikia kila neno huku macho yako kwenye vipande.

Msitegemee miujiza lakini. Uingereza walifanya utafiti kwenye shule za kawaida, majibu yakatoka 2023, mabadiliko yalikuwepo ila madogo, kwaiyo mtu akikuambia hii inaponya usonji achana nae, usonji wenyewe sio ugonjwa wa kuponya.

Kwenye kipindi chenye watoto wamejaa hivi siwezi kufanya, tunakaa mchana baada ya masomo, na hao wawili wanabaki kwa hiari yao, usimshike mtoto kwa nguvu eti akawe rafiki. Bei kwa mshahara wa mwalimu inauma, mkichanga na wazazi inawezekana. Usimwage vipande kwenye sakafu ya saruji, ule mlio wa kwangu ulimfanya azibe masikio akatoka nje, siku hizi natandika kanga kwanza. Boksi hili nalipatia nyota 4 kati ya 5. Na kama mtoto bado anatia vitu mdomoni hili boksi liache, chukua LEGO Duplo, vipande vyake ni vikubwa na michezo ya injinia na fundi inachezeka vilevile.